Mkebe wa Mtumba, Keki ya Kiingereza: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi zilizofika mwezi huu zinazungumzia mkasa mmoja. Msomaji anakwenda mtumbani kutafuta kitu kingine kabisa, anaona mkebe wa keki au bakuli zito la udongo lililotoka Uingereza, anashindwa kuliacha, na akifika nyumbani anataka kupika kile ambacho chombo kilitengenezewa. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna nusu ya maswali ya wengine wote.

Shangazi, baada ya salamu. Nilikwenda Kongowea kutafuta sweta za shule za watoto, nikarudi na mikebe miwili ya duara iliyokuwa chini ya rundo la masufuria, pamoja na kijitabu cha mapishi cha Kiingereza kilichopoteza jalada. Tangu hapo nimepika keki inayoitwa Victoria mara tatu. Kijitabu kinataka “6 oz” za siagi, sukari na unga, mayai matatu, na moto wa “Gas Mark 4”. Mara ya kwanza nilipima kila kitu kwa kikombe kimoja, ikawa tamu kupita kiasi na ikazama katikati. Mara ya pili nilipima kwa mizani, ikaungua juu na kubaki mbichi ndani. Mara ya tatu nilipunguza moto, nikapata kitu bapa kinachochuruzika mafuta pembeni. Mayai natumia ya kuku wetu wa kienyeji, na oveni ya jiko langu la gesi imefutika namba zote. Kosa langu ni lipi? — Mama wa watoto wawili, Kisauni

Mwanangu, mikono yako haina kosa. Kijitabu hicho kiliandikwa kwa vipimo vya zamani, kwa kuku wa kwao na kwa baridi ya kwao, na wewe umekifuata neno kwa neno ukiwa Kisauni.

Tuanze na vipimo, kwa kuwa hilo ndilo jepesi. Alama ya “oz” ni wakia, na “lb” ni ratili, maneno ambayo mabibi zetu waliyatumia dukani kila siku waliponunua samli na sukari, kwa hivyo kama una mzee nyumbani muulize, huenda akakusomea kijitabu chako vizuri kuliko mimi. Wakia moja ni gramu 28 na ushei, na wakia 16 hufanya ratili moja, yaani gramu 454. Wakia sita basi ni gramu 170. Kikombe hakiwezi kuchukua nafasi ya mizani hapa, kwani kikombe cha mililita 240 kikijazwa unga hutoa kama gramu 125, na kikombe hicho hicho kikijazwa sukari hutoa kama gramu 200. Keki yako ya kwanza ilipata sukari nyingi kuliko unga, na sukari ikizidi unga, keki huzama.

Mayai ndiyo yaliyokuponza mara ya tatu. Keki ya Victoria, iliyopewa jina la malkia aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 1837 hadi 1901, ina kanuni moja tu: siagi, sukari na unga, kila kimoja kiwe na uzito sawa na wa mayai. Waingereza walilihesabu yai moja kuwa wakia mbili pamoja na ganda lake, na ndipo mayai matatu yakalingana na wakia sita. Mayai ya kienyeji mengi ni madogo kuliko hayo. Ukiweka gramu 170 za siagi mbele ya mayai yenye uzito wa gramu 130, siagi inakosa cha kuishika, na hayo ndiyo mafuta uliyoyaona pembeni. Achana na hesabu ya kijitabu. Weka mayai yako matatu kwenye mizani yakiwa na maganda, soma uzito, kisha pima siagi, sukari na unga kwa uzito huo huo.

Unga wanaoutaja ni ule uliokwisha kuchanganywa na kiumushi. Ukiwa na unga wa kawaida, tia vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda kwa kila gramu 150 na uuchekeche mara mbili. Bila pauda hiyo keki hii isingekuwa kama tunavyoijua. Aliyeitengeneza mwaka 1843 ni Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, na inasemekana alihangaika nayo kwa sababu mkewe hakuweza kula kitu kilichoumuliwa kwa hamira. Sukari nayo iwe laini, na ukiwa na ile ya kawaida ya punje kubwa, izungushe kwenye blenda kwa sekunde chache. Usiisage mpaka ikawa vumbi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kijitabu hakikulisema kwa sababu mwandishi wake hakuwahi kulihitaji. Kinaposema siagi iwe “laini”, kinakusudia siagi iliyokaa mezani kwenye jiko la Kiingereza, ambako joto la chumba ni kama nyuzi 18 au 20. Hapo siagi inakubali kupigwa na sukari, inanasa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki pamoja na pauda. Mombasa mwezi wa Machi joto la mchana linapita nyuzi 30, na siagi iliyoachwa mezani haiwi laini, inakuwa mafuta, na mafuta hayanasi hewa hata ukipiga mpaka mkono ukufe ganzi. Itoe siagi kwenye friji, ikate vipande vidogo, na uanze kuipiga mara inapokubali kubonyezwa kwa kidole. Bakuli liweke juu ya sinia yenye maji baridi. Mayai yatie moja moja, na ukiona mchanganyiko unaanza kukatika kama maziwa yaliyoganda, ongeza kijiko cha unga kabla ya yai linalofuata. Mimi mwenyewe hupika keki ya siagi baada ya sala ya alfajiri, na wakati wa kaskazi sipiki nyakati nyingine.

Kuhusu moto, namba za gesi za Kiingereza zina mpango wake. Namba 1 ni kama nyuzi 140 za selsiasi, namba 4 ni 180, namba 6 ni 200. Kwa kuwa oveni yako haina namba, ijaribu kwa sukari, maana sukari nyeupe huyeyuka ikifika kama nyuzi 186. Tandaza kijiko cha chai cha sukari juu ya karatasi ya fuweli, kiweke katikati ya oveni iliyokwisha kupata moto, na usubiri dakika 15. Ikiyeyuka, moto umezidi. Punguza kidogo, weka sukari nyingine, mpaka upate mahali ambapo haiyeyuki lakini ukiongeza kidogo tu inayeyuka. Hapo pako karibu na namba 4 yako. Tia alama kwa rangi ya kucha. Kazi hii itakula asubuhi nzima na vijiko vichache vya sukari, ila hutairudia tena.

Pima pia mikebe yenyewe. Mikebe miwili yenye upana wa inchi 7, yaani sentimita 18, inafaa mayai matatu; ya inchi 8 inataka manne, na ukiipa matatu utapata keki bapa hata kama kila kitu kingine umekifanya sawa. Ioke kwa dakika 20 hadi 25, usifungue mlango kabla ya dakika 18, na ikishapoa ibandike kwa jamu katikati. Waingereza hutumia jamu ya rasiberi. Jamu ya nanasi iliyopikwa kwa ndimu si mbaya hata kidogo, na kwangu mimi inaikata siagi vizuri zaidi.

Ukitaka kujua umri wa kijitabu chako, tafuta bei. Ikiwa imeandikwa kwa shilingi na peni, mfano “1/6”, yaani shilingi moja na peni sita, kilichapishwa kabla ya tarehe 15 Februari 1971, siku Uingereza ilipoacha shilingi. Ikiwa ndani yake wanataja mayai ya unga, huenda ni cha miaka ya mgao wa chakula, ulioanza Januari 1940 na kumalizika Julai 1954. Humo kijiko kimoja kikubwa cha unga wa yai na viwili vya maji hufanya yai moja. Keki za vijitabu hivyo ni kavu na zina siagi kidogo mno. Zisome kwa ajili ya historia.

Bi, nimepata bakuli kubwa la udongo la rangi ya kaki, lina nakshi za kujitokeza upande wa nje na jeupe ndani, na trei ya bati yenye mashimo 12 iliyoshika kutu. Je, naweza kuvitumia kwa chakula, au nimetupa pesa? — Msomaji wa Majengo

Trei kwanza. Vyombo vya kuokea vya zamani vya Uingereza vingi ni chuma chembamba kilichopakwa ngozi ya bati, na kutu hutokea pale ngozi hiyo ilipokwaruzwa. Ikiwa kutu iko juu tu, loweka trei kwa saa moja katika maji ya ukwaju au siki iliyochanganywa na maji, isugue kwa kitambaa kigumu, ioshe, na mara hiyo hiyo iingize kwenye oveni yenye moto mdogo mpaka ikauke kabisa. Kisha ipake mafuta kidogo sana. Usiilaze kwenye siki usiku kucha, kwa sababu tindikali inayokula kutu inakula na bati pia, wala usitumie steliwaya. Kama kutu imetoboa au inabanduka magamba, irudishe kwa muuza vyuma vikuukuu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma: trei iliyooshwa ikaachwa kukauka yenyewe dirishani itashika kutu kabla ya Ijumaa.

Bakuli lako kwa maelezo hayo linafanana na yale ya Mason Cash ya Derbyshire, ambayo nakshi yake ya nje ilianza mwaka 1901 na haikuwekwa kwa ajili ya urembo peke yake. Inaupa mkono mahali pa kushika unapoliinamisha bakuli. Tazama muhuri chini yake. Ligonge kwa ukucha: likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti butu lina ufa hata kama huuoni, na ufa hukaa uchafu usiotoka. Jeupe ndani, lisilo na ufa, litumie kukorogea keki. Ninachokukataza ni vyombo vya zamani vya udongo vyenye michoro ya rangi kali upande wa ndani, kwa kuwa rangi na mng’aro wa zamani vinaweza kuwa na risasi, hasa vikikutana na ndimu au siki. Hivyo viweke matunda ya plastiki.

Uzito wa bakuli hilo una faida nyingine kwetu. Liingize kwenye friji nusu saa kabla ya kupiga siagi. Udongo mnene huhifadhi baridi, na utapata dakika kumi ambazo bakuli la plastiki halikupi.

Assalamu alaikum. Nina swali fupi. Kwenye kitabu nilichonunua mtumbani kuna “Madeira cake”. Mume wangu anasema Madeira ni mvinyo. Je, keki hii ni halali? Na kuna viungo gani vingine vya Kiingereza nijihadhari navyo? — Msomaji wa Mji wa Kale

Waalaikumu salaam. Mumeo amesema kweli kuhusu mvinyo, lakini ndani ya keki haumo. Keki hiyo ya siagi yenye harufu ya ndimu ilipata jina kwa sababu wakubwa wa Uingereza waliila huku wakinywa mvinyo wa Madeira. Inywe na chai ya tangawizi.

Pa kujihadhari ni kwengine. Neno “lard” ni mafuta ya nguruwe, na katika vitabu vya zamani lipo kwenye vitafunio vingi visivyo na dalili yoyote ya nyama, kama vile keki za Eccles na hata vile vikeki vya Wales nitakavyovieleza hapa chini. Badala yake tia siagi au samli kwa uzito ule ule. Neno “suet” ni mafuta magumu yanayozunguka figo za ng’ombe au kondoo, na hapo suala ni uchinjaji. Samli iliyogandishwa na kukwaruzwa inafaa. Keki ya matunda ya Krismasi hunyweshwa brandi kwa wiki kadhaa, na “trifle”, kitamutamu cha tabaka za keki, matunda na kastadi, hutiwa mvinyo wa sheri, ambao unaweza kuubadilisha kwa maji ya machungwa bila kupoteza kitu.

Kama unapenda keki ya matunda, pika ile ya Wales iitwayo bara brith, ambayo matunda yake hulowekwa kwenye chai nyeusi tangu mwanzo, wala haina mafuta yoyote. Loweka gramu 450 za zabibu kavu pamoja na gramu 250 za sukari ya kahawia katika mililita 300 za chai kali ya rangi usiku kucha. Asubuhi tia yai moja, gramu 450 za unga uliochanganywa na vijiko sita vya chai vya bekingi pauda, na viungo: mdalasini, kungumanga, iliki kidogo. Mkebe unaohitajika ni ule mrefu wa mkate uliopigwa chapa “2 lb”, yaani wa ratili mbili, na mitumbani unaonekana mara nyingi. Uoke kwa nyuzi 170 kwa saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Keki hii ikikatwa siku ya pili ni bora kuliko siku ya kwanza.

Shangazi, mimi sina oveni, nina jiko la makaa na tawa la chapati. Watoto wa jirani wamenunuliwa vikata-biskuti vya mtumba vya kila umbo, na sasa wangu wananililia. Je, kuna kitafunio cha Kiingereza kisichohitaji oveni? — Msomaji wa Likoni

Kipo, ingawa wenyewe wa Wales hawatakupenda ukikiita cha Kiingereza. Vikeki vya Wales huokwa juu ya kipande kizito cha chuma cha bapa kilichowekwa motoni, yaani tawa, na kwa hivyo wewe una chombo chake halisi kuliko wenye oveni. Chukua gramu 225 za unga na vijiko vitatu vya chai vya bekingi pauda, ufikiche na gramu 110 za siagi baridi kwa ncha za vidole mpaka ufanane na chenga za mkate. Tia gramu 85 za sukari, konzi mbili za zabibu kavu, kungumanga ya kukwaruza na mdalasini, kisha yai moja lililopigwa, na ukusanye donge bila kulikanda. Donge la chapati hupenda kukandwa. Hili likikandwa huwa gumu kama soli. Lipumzishe mahali pa baridi, lisukume unene wa kidole chembamba, na hapo uwaachie watoto vikata-biskuti vyao, ila chagua maumbo mapana, kwa kuwa miguu ya ng’ombe na mikia ya paka huungua kabla ya tumbo kuiva.

Makaa yawe yamefifia na kushika jivu. Tawa likiwa na moto wa chapati, vikeki vitakuwa vyeusi nje na unga mbichi ndani. Dakika tatu au nne kila upande zinatosha, na unavinyunyizia sukari vingali moto.

Ukizoea hivyo, jaribu skoni kwa moto wa juu na chini. Wasomaji wengine watashangaa, kwani skonzi za madukani kwetu zimechukua jina kutoka huko huko, lakini zimeumuliwa kwa hamira na ni mkate mtamu. Skoni ya Kiingereza huumuka kwa pauda, hupikwa chini ya robo saa, na huliwa siku hiyo hiyo kwa jamu na malai mazito. Paka sufuria pana mafuta, ipashe moto, panga skoni, funika kwa sinia na upalie makaa juu, kama walivyopika mabibi zetu mkate wa mayai. Na kwa kuwa nimeutaja mkate wa mayai: mayai na sukari vilivyopigwa mpaka vikaumuka, bila siagi hata chembe, ndiyo hesabu ile ile ya keki laini ambayo Waingereza huikunja na jamu ndani. Keki hiyo haijali joto la Machi. Yule dada wa Kisauni akichoka kupigana na siagi, aanzie hapo.

Shangazi, kuna mashine ya kukorogea keki ya zamani kutoka Uingereza katika duka la vitu vilivyotumika, aina ya Kenwood. Je, itahitaji transfoma? — Kijana wa Tudor

Haihitaji, mwanangu. Umeme wetu ni volti 240, na plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa ni ile ile ya Uingereza. Ni mashine za Marekani, za volti 120, ndizo zinazoungua ukizichomeka hapa. Kenwood imekuwa ikitengeneza mashine yake kubwa, Chef, tangu mwaka 1950, na za zamani ni nzito na hudumu. Kinachozeeka ni vipuri vidogo vya kudhibiti kasi, ambavyo hutoa moshi siku moja bila kuaga, na fundi stadi wa vifaa vya umeme anaweza kuvibadilisha. Tazama waya kama haujapasuka, fungua plagi uone kama fyuzi ni ya kweli na si kipande cha waya, kisha mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na iachwe izunguke tupu kwa dakika tano kabla hujatoa pesa. Uliza pia kama kile kipigio cha waya chenye umbo la tone kipo, maana mara nyingi hupotea njiani na kubaki ndoano ya kukandia peke yake. Bila kipigio hutapiga mayai ya keki. Utakuwa umenunua mashine ya kukanda mahamri, na kwa bei ya mtumba mamako huenda akaikubali hivyo hivyo.